Kipande Walichokikata

Mimi ni fundi viatu, basi nitaanza na viatu. Soli za watu wengi huisha kisiginoni. Za dada yangu ziliisha kwenye ncha, mbele kabisa, kushoto na kulia sawasawa, na kwa miaka mingi nilizibadilisha mimi mwenyewe kila baada ya miezi minne. Dada alikuwa mwongoza wageni, tena wa miguu, na hakuwahi kuwapa wageni wake mgongo. Aliwatembeza katikati ya jiji akirudi kinyumenyume, uso kwao, ncha ya kiatu ikipapasa mawe nyuma yake kabla ya uzito kufuata. Miaka thelathini na moja, hakuanguka hata mara moja.

Nasema "alikuwa", na kila nikilitamka neno hilo natamani kumpiga mtu nyundo. Majirani zangu wa uwanjani wanasema nina hasira za mkizi. Waseme. Nina meza yangu chini ya matao ya uwanja mkubwa, nina gundi yangu na kalibu zangu za kuundia viatu, na haya ninayoyasimulia ama nimeyaona mwenyewe, ama nimeyasikia kwa aliyetendewa. Mwenye hadithi nyingine akaisimulie kwake.

Matembezi ya dada yalichukua saa mbili. Alianzia hapa uwanjani, penye sanamu ya Mkuu wa Mji wa zamani aliyepanda farasi, mikononi glavu zilizopakwa nyeupe ambazo njiwa wamezibadilisha rangi. Kutoka hapo aliwapandisha wageni ngazi za mahakama ya zamani, akawashusha upande wa pili hadi uwanja mdogo wenye mnara wa saa usiokubaliana na saa ya mtu yeyote, akawapitisha mtaa wa nyumba zenye roshani za chuma, kisha wakaingia bustani ya kati. Humo walisimama kwenye benchi la mawe, karibu na chemchemi, chini ya mijakaranda. Kituo cha mwisho kilikuwa lango la mashariki, na hapo waliagana.

Waongozaji wa zamani walikuwa na desturi yao ambayo sijaisikia kwa watu wa kazi nyingine. Kila matembezi yalibeba uongo mmoja. Mmoja tu. Mzee aliyemfundisha dada kazi alimwambia kwamba mgeni aliyedanganywa mara moja husikiliza mara mbili. Unausema uongo wako mapema, uso mkavu, watu wanatikisa vichwa, wengine wanaandika kwenye vidaftari. Mbele ya safari unautegua. Wanacheka, wanajiona wajinga kidogo, na kuanzia hapo hakuna anayepiga miayo. Lakini ni lazima uutegue, mzee alisisitiza. Anayeuacha uongo wake uende nyumbani na mgeni, huyo ni tapeli kama matapeli wengine.

Uongo wa dada ulikuwa wa kwenye sanamu. Aliwaambia wageni kwamba huyu Mkuu wa Mji aliipanda bustani ya kati kwa mikono yake, mti kwa mti, msimu mmoja wa mvua, bila kuvua glavu. Wageni walimtazama yule bwana wa shaba kwa heshima, wakampiga picha. Baada ya saa nzima, kwenye benchi la mawe, dada alinyanyua mkono na kusema, "Niliyowaambia kule kwenye sanamu ni uongo."

Halafu akawapa ukweli. Bustani ile ilipandwa na wanaume kumi na wawili kwa miaka mitatu, wakichota maji mtoni kwa madebe kwa kuwa mabomba yalikuwa hayajafika. Mkuu alikuja siku ya ufunguzi, akashika sepeto ili apigwe picha, akaomba kitambaa afute viatu. Mmoja wa wale kumi na wawili alikuwa baba yetu. Wafanyakazi walikatazwa kukaa popote ndani ya bustani, hata baada ya kazi, na siku moja baba alikutwa amekaa kwenye benchi hili. Kesho yake akapewa barua. "Baba yangu alifukuzwa kwa kukaa hapa," dada alimalizia. "Ninyi kaeni." Na wageni wakakaa, kwa zamu. Nimeona wanaume wazima wakifuta macho, wakisingizia vumbi.

Barua yenyewe tunayo, imo kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda cha mama. Inasema baba "amekutwa ameketi kwenye benchi la wageni." Baba mwenyewe hakuwahi kulizungumza jambo hilo. Alilima nyua za watu mpaka mgongo ukamgomea, na ni miaka kumi na miwili sasa tangu atutoke. Mama ndiye aliyeapa. Alisema hatakanyaga bustani ile mpaka anaingia kaburini, na kiapo chake akakishika. Alipokuwa na miguu yake alizunguka kwa njia ya sokoni, nusu saa zaidi na mzigo kichwani, ili tu asipite kwenye lango lile. Sisi watoto tulichukulia ni uchungu wa mumewe.

Sasa tuje kwa Bwana Pasi. Ofisi inayosimamia viwanja na bustani ilipata mkuu mpya, kijana mwenye shati lisilojua mkunjo, ndiyo maana tukampa jina hilo. Hakuwa mtu wa kufoka. Alikuwa mtu wa kutabasamu, na mimi wa kutabasamu ndio ninaowaogopa. Alileta vidude vya kuning'iniza shingoni, vyenye hedifoni. Mgeni anajitembeza mwenyewe, akifika kituoni anabonyeza namba, anasikia maelezo. Kilichokosekana ni sauti. Akamwita dada, akamwambia jiji zima halina sauti kama yake, kwamba yeye ndiye kumbukumbu ya viwanja hivi, kwamba waongozaji wenzake wote wakistaafu yeye atabaki akisema. Alimvisha kilemba cha ukoka, kikamkaa vizuri.

Hata hivyo dada alisita. Alikuja kwenye meza yangu, akavua kiatu, akasugua goti, akaniuliza nionavyo mimi. Nami, Mungu anisamehe, nikamwambia akubali. Nilimwambia magoti yake yamechoka, atatembeza vikundi vikubwa tu, vidogo viende na kidude. Nilijiona mdogo mwenye busara. Hasira niliyo nayo kwa Bwana Pasi haifiki nusu ya ile niliyo nayo kwa mdomo wangu siku ile.

Walimrekodi siku nne, kwenye stoo ya ghorofani iliyopigiliwa mablanketi ukutani. Joto lake halisemeki. Fundi wa sauti alimvua bangili zisigongane, akampa kiti. Dada akashindwa kusema. Ameketi, maneno hayaji. Ikabidi kiti kiondolewe, naye akarekodi akirudi nyuma hatua tatu mpaka ukutani, akisogea mbele tatu, akirudi tena, mbele ya blanketi la kijivu. Alisema yote, uongo wa kwenye sanamu na ukweli wa kwenye benchi. Akatia saini karatasi aliyowekewa. Tulicheka sana jioni ile, mimi, yeye na mama, akituigizia fundi wa sauti alivyomfukuza inzi kwa ishara.

Mwezi wa pili baada ya vidude kuingia kazini, waongozaji wote waliandikiwa barua ya kurudisha beji. Akufukuzaye hakuambii toka. Barua iliwashukuru kwa mchango wao. Chini yake palikuwa na kanuni: mtu asiye na beji haruhusiwi kuhutubia kikundi ndani ya viwanja na bustani, na kikundi ni watu wanaozidi watano. Dada aliivua beji shingoni, ikaacha alama nyeupe pale uzi ulipokuwa ukipita. Alikuwa mtulivu kuliko nilivyotaka. Alisema beji ni bati tu, maneno yake yamo mle ndani, watu watayasikia hata akifa. Yeye mwenyewe hakutaka kuyasikiliza. Alidai hakuna kinachochukiza kama kuisikia sauti yako mwenyewe.

Basi tungeendelea hivyo, kama si mkanda wa ndala. Mgeni mmoja, mama mnene mwenye kofia pana, alinijia mguu mmoja peku, kidude shingoni. Nikiwa nashona mkanda nikamwomba nisikilize kidogo, nikamweleza kuwa aliyesema humo ni dada yangu. Akafurahi, akanivisha hedifoni. Nikabonyeza namba moja, nikamsikia dada akitoa uongo wake wa glavu nyeupe, uso mkavu unasikika kabisa. Nikatabasamu peke yangu. Nikaruka hadi namba tano, ya bustani. Dada alisema, "Karibuni bustani ya kati, ketini, pumzikeni, sikilizeni maji." Yakafuata maji. Maji na kinanda, dakika mbili nzima. Halafu dada akasema, "Sasa tuelekee lango la mashariki."

Nilirudia mara tatu. Nikamuuliza yule mama kama kuna namba nyingine. Hakuna. Nikamuuliza bustani ilipandwa na nani, na yeye, kwa furaha ya mwanafunzi aliyejua jibu, akaniambia ni yule bwana juu ya farasi. Nilijichoma msumari wa viatu kwenye dole gumba na sikusikia maumivu mpaka alipoondoka.

Kumwambia dada ilikuwa kazi. Nilifunga meza mapema, nikamkuta jikoni akichambua mboga, nikamweleza moja kwa moja. Hakupiga kelele. Aliweka kisu chini, akaniuliza kama nina hakika, kisha akauliza vidude vinagawiwa mara ngapi kwa siku. Nikamwambia siku za wanafunzi huenda hata mia mbili. Akapiga hesabu ya miezi kwa vidole. Kisha akasema sentensi ambayo mpaka leo inanichoma: kwamba Mkuu mwenyewe hakuwahi kupata mtu wa kumsingizia bustani kwa wingi hivyo, mpaka alipompata binti wa mtunza bustani.

Kesho yake tulikwenda ofisini wote wawili. Bwana Pasi alitukaribisha viti. Alieleza kwa upole kwamba kipande cha benchi kilikuwa cha dakika saba, wageni wanachoka, na mambo ya kifamilia hayana nafasi kwenye maelezo ya jiji. Dada akamwambia vizuri, basi aondoe na uongo wa kwenye sanamu, vyote viende pamoja. Bwana Pasi akasema kile watu wanakipenda sana, wanacheka, na hata hivyo marekebisho yatafanywa baada ya miaka miwili, na sauti kwa mujibu wa saini yake ni mali ya ofisi. Dada akamwambia kwamba ule ni uongo, na umekaa mdomoni mwake.

"Lakini mama," alisema Bwana Pasi, akitabasamu, "ni wewe mwenyewe uliyesema. Hakuna aliyekulazimisha."

Niliinuka. Dada alinishika mkono wa shati na kunivuta mpaka nje. Alijua nimebeba nyundo mfukoni, kwa kuwa mimi nyundo huwa naibeba mfukoni kila siku, na hakutaka kulijaribu jambo.

Kumbe hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa nyumbani, kitandani, lina miaka themanini na moja na masikio mazima kabisa. Majirani walikuwa wamempasha mama habari kwamba sauti ya binti yake iko bustanini, inazungumza na ulimwengu. Na mama, ambaye hakuwahi kukanyaga mle tangu kabla sijazaliwa, akaanza kuuliza siku yake ni lini. Alisema ameapa kwa ajili ya mumewe, lakini kama mumewe anatajwa mle ndani kila siku kwa sauti ya mwanawe, basi kiapo kimepata majibu yake. Alitaka kwenda kusikia. Tulimpiga chenga wiki tatu. Mara kiti cha magurudumu kina hitilafu, mara mvua, mara vidude vimeisha. Mwishowe akatuambia kuwa jirani yetu muuguzi amekubali kumpeleka Jumamosi, na sisi tukae tu na mvua zetu.

Usiku wa kuamkia Jumamosi dada hakulala, nami sikumlaumu. Mama angekaa mbele ya sanamu, angesikia mtoto wake wa kwanza akimpa Mkuu miti ya mumewe, halafu angefika kwenye benchi asikie maji na kinanda. Asubuhi dada alivaa sare yake ya zamani, koti la buluu na viatu nilivyomtia soli mara ya mwisho. Alisema atampeleka mwenyewe. Nikamuuliza atamwambiaje. Akasema hatamwambia, atafanya kazi yake.

Nilikisukuma kiti mimi. Uwanja ulikuwa umejaa, na palikuwa na darasa zima la wanafunzi wenye vidude. Mbele ya sanamu mama alivishwa hedifoni, akabonyezewa namba moja. Nilimtazama usoni. Kwanza alifurahi, aliitambua sauti, akamgeukia dada kama anayesema ndiye huyu. Halafu furaha ikaondoka, sio kwa haraka, kama maji yanavyoondoka kwenye beseni lililopasuka. Akavua hedifoni. Akamuuliza dada amesema nini.

Dada akapiga goti kwenye mawe, akamwambia, "Mama, nipe saa moja. Ukweli uko kwenye benchi."

Mama alielekeza kidevu mbele, twende. Ngazi za mahakama tulizizunguka kwa mteremko wa nyuma, tukaupita mnara wa saa. Alikaa na hedifoni mapajani, amezizungushia waya, kama mtu aliyeshikishwa kitu cha wizi. Tulipofika lango la bustani nilisimama. Akaniashiria nisukume.

Wanafunzi walikuwa wametangulia. Walizunguka benchi la mawe pamoja na wageni wengine thelathini hivi, wote masikioni wana maji na kinanda, wote wamesimama wakitazama chemchemi kwa adabu. Dada aliwapita. Akageuka uso kwao, akarudi kinyumenyume hatua tatu, ncha ya kiatu ikipapasa, mpaka mgongo ukafika kwenye benchi. Akanyanyua mkono. "Niliyowaambia kule kwenye sanamu ni uongo," alisema.

Ungewaona. Mwalimu wao ndiye aliyevua hedifoni kwanza. Sauti waliyotembea nayo saa nzima imetoka masikioni na kusimama mbele yao imevaa koti la buluu. Wakavua mmoja mmoja, wakasogea. Dada akaanza na wanaume kumi na wawili, na madebe, na mto. Akafika kwenye kitambaa cha viatu. Nilikuwa nimekishikilia kiti cha mama kwa nguvu zote, si kwa huzuni, kwa hasira tamu kabisa.

Hapo akaja mlinzi wa bustani. Ni mtu mwema, mteja wangu, na nilimwona akitamani dunia nzima iwe mahali pengine. Akamwambia dada kwa sauti ya chini kwamba hana beji, na watu wamezidi watano, na Bwana Pasi yuko ofisini anaona dirishani. Akamwomba aache, asije yeye mlinzi akalazimika kumwandikia ripoti. Dada akasema amebakiza kidogo tu. Mlinzi akasema hata kidogo. Watu wakaanza kunung'unika, na mimi mkono ukaenda mfukoni.

"Basi asiseme yeye," mama alisema. "Mimi sijawahi kuwa na beji. Mimi ni mke wa mtu."

Akaniambia nimwinue. Nikamwinua, mwepesi kama furushi la nguo, akatembea hatua nne alizobakiwa nazo na kukaa kwenye benchi la mawe. Akalipapasa jiwe kwa kiganja. Mlinzi akatafuta kanuni kichwani mwake na hakuipata, kwa maana kikongwe aliyekaa akizungumza na wanawe si kikundi. Akasogea pembeni, lakini si mbali na kusikia.

Mama alizungumza polepole, akimtazama dada tu, wala si watu. Alisema yote aliyoyasema binti yake ni kweli, ila moja. Baba hakukaa.

"Baba yako hakukaa hapa hata siku moja," alisema. "Nilikaa mimi. Nilikuwa na mimba yako, mwezi wa nane, nimemletea chakula kwa miguu, jua kali. Alinikalisha yeye, akasimama pale ulipo kunikinga na jua. Msimamizi akauliza nani amekaa kwenye benchi la wageni, baba yako akasema ni yeye."

Yalisikika maji ya kweli ya chemchemi, yale yasiyo na kinanda. Dada alikuwa bado ameunyanyua mkono, amesahau kuushusha. Miaka thelathini na moja aliutegua uongo mmoja mbele ya watu kila siku, na kumbe wa pili ulikuwa ndani ya ukweli wenyewe, umeandikwa kwenye barua na kufungiwa kwenye kopo la biskuti. Akauliza kwa nini hawakumwambia, sauti imepasuka, si ile ya kwenye kidude.

Mama akasema ni baba aliyekataza. Alisema mtoto asije akakua akidhani ni yeye aliyemfukuzisha baba kazi. Ndiyo maana mama hakuweza kulipita lango lile. Halikuwa jambo la bustani, alisema, ni hili jiwe, alikuwa hawezi kulitazama. Kisha akamvuta dada kwa koti akamkalisha kando yake. Dada akalia waziwazi mbele ya darasa zima, na mimi nikalia pia, na sikusingizia vumbi.

Mama alipopata pumzi alimtazama mlinzi aliyesimama juani. Ni mtu wa miaka hamsini na kitu, siku nzima yuko wima, na benchi lilikuwa na nafasi. Akampigapigia jiwe. "Kaa, baba," alimwambia.

Mlinzi alitazama dirisha la ofisi. Akasema anashukuru, lakini wafanyakazi hawaruhusiwi kukaa.

Miaka hamsini na nane tangu barua ile. Mkuu amekuwa shaba, mabomba yamefika, sauti zinaingizwa kwenye vidude, na kanuni ile iko palepale, imepigwa pasi tu. Nilitaka kumfokea mlinzi akae, akae kwa nguvu, nione nani atamwinua. Sikumfokea. Ana watoto shuleni.

Kidude bado kinasema uongo pale kwenye sanamu, kwa sauti ya dada yangu, na kitaendelea kusema mpaka miaka miwili ya Bwana Pasi iishe, kama itaisha. Lakini Jumamosi asubuhi mama na dada huwa kwenye benchi la mawe. Wageni hupanga foleni kwenye chemchemi na kwenda watano watano, si zaidi, na mwalimu yule ameshaleta madarasa mawili. Dada sasa huanza kwa kusema kwamba yeye mwenyewe aliwadanganya watu miaka thelathini na moja bila kujua. Husema ameketi, na maneno yanakuja.

Juzi mlinzi aliniletea viatu vyake vya kazi. Nilivigeuza nikatazama. Havikuisha kisiginoni wala kwenye ncha. Vimeisha kote, sawasawa, vyembamba kama karatasi, kama vinavyoisha vya mtu asiyekaa. Nikamkalisha kwenye kigoda changu, nikamwambia huku chini ya matao ofisi haina mamlaka. Akakaa. Nami nikazigonga soli zile mpya kwa nguvu kuliko zilivyohitaji.